Naomba ushauri: Peugeot 404 ya marehemu baba, sitaki kuipiga rangi

Wakuu, habari zenu. Nipo Tanga. Baba ameniachia Peugeot 404, aina ileile aliyoshindia Bert Shankland Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Haijawahi kupigwa puti. Rangi ya kiwandani imepauka kwenye paa, na usukani umelika pale mikono ya mzee ilipokuwa inakaa. Kila fundi ananiambia niinyooshe bodi na kuipiga rangi mpya. Sitaki kabisa, nikifanya hivyo gari la baba ndiyo limekwenda.

Shida ni chumvi ya bahari. Niliifunika turubai la nailoni miezi mitatu, juzi nimefunua nakuta matone kwa ndani na kutu changa chini ya milango. Roho iliniuma sana. Turubai nimelitoa, betri nimechomoa, petroli nimemwaga, na nimeipandisha juu ya magogo.

Sasa chini nipake oili chafu au grisi? Au niipakie kwenye lori niipeleke kwa dada Dodoma, ambako ni kukavu? Aliyewahi kutunza gari la zamani hivihivi lilivyo anisaidie, tafadhali.