Natafuta masista wanaoishi utawa wa kizamani, nianzie wapi?

Muuguzi wa Mbinga:
Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 27, kwetu Mbinga, kazi iko Dodoma. Wito ninao tangu kidato cha pili, nikaufunika na masomo. Mwaka 2023 nikaziona picha za marehemu Sista Wilhelmina, yule Mmarekani mweusi aliyeanzisha shirika la Kibenediktini akiwa ameshapita miaka 70. Walimfukua kule Gower, Missouri, miaka minne baada ya kuzikwa, watu wakabishana kama kweli mwili wake haukuoza. Mimi macho yalikuwa kwa masista waliobaki: vazi mpaka chini, masifu (sala zao za pamoja za kila siku) kwa Kilatini, ukimya. Nililia ndani ya daladala, konda akaniuliza kama nimeibiwa.

Nataka maisha ya namna hiyo, lakini huku kwetu. Shirika moja nililopiga simu, mlezi wa miito aliniuliza umri kabla ya jina, akasema nimechelewa. Jingine wakafurahi mno kusikia ni muuguzi, hata hawakuuliza kama nasali.

Mwanakwaya Songea:
Milele na milele, amina. Mtu wa Mbinga unahangaika na Missouri wakati Chipole iko hapo mlangoni? Wabenediktini wa Mt. Agnes wapo tangu 1938! Sala na kazi. Na kazi kweli, wana mtambo wa umeme pale Tulila, mto Ruvuma, megawati 5.

Dada Mstaafu wa Unovisi:
Mdogo wangu, Chipole ni kuzuri, ila wale wanatoka: hospitali, shule, huo umeme. Kwanza jiulize ulilia kwa ajili ya nini. Kama ni vazi, mashirika mengi ya hapa hayajalivua. Kama ni ukuta, yaani kuingia usitoke, unatafuta Wakarmeli au Waklara, na hapo uuguzi wako utaishia kwa bibi zao wagonjwa.

Ukichagua ukuta, jua safari yake. Tangu 2018 Roma imeagiza malezi yasipungue miaka 9 kabla ya nadhiri za daima: uaspiranti (kufahamiana) mwaka, upostulanti (kuomba kuingia) mwaka, unovisi (malezi kabla ya nadhiri za kwanza) miwili, nadhiri za muda mitano. Kwa hiyo 27 si uzee, ila usipoteze mingine.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: deni. Sheria ya Kanisa inakataza kumpokea mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Mkopo wa bodi umeumaliza?

Halafu uliza mapema barua ya askofu inayoonyesha kwamba analitambua shirika hilo. Mimi nilianza kwenye nyumba moja yenye shela ndefu kuliko zote nilizowahi kuona, rozari nne kwa siku, na "mama" ambaye jimbo halikumjua. Nilikaa miezi minane. Godoro langu nililiacha huko. Baadaye nikaenda shirika halali, nikafika unovisi, nikatoka kwa amani, leo nina watoto watatu.

Katekista Mzee:
Kuhusu Kilatini msichanganye. Misa ya kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tangu Julai 2021 inahitaji ruhusa ya askofu. Kuimba Kilatini katika Misa ya kawaida hakujakatazwa. Parokiani kwetu bibi zetu wanaijua Misa ya Malaika, zile nyimbo za Misa za Kilatini, bila karatasi.

Muuguzi wa Mbinga:
Shikamoo dada, shikamoo katekista. Deni la bodi bado, wanakata kila mwezi kwenye mshahara. Nimepiga hesabu usiku huu, ni kama miaka miwili hivi nikibana. Nadhani ni ukuta. Nikiwaza wadi sisikii kitu, nikiwaza ile kengele ya alfajiri moyo unaenda mbio.

Dada Mstaafu wa Unovisi:
Marahaba. Basi lipa huku unatembelea. Likizo ijayo omba kukaa nao wiki nzima, sio Jumapili moja ya soda na keki. Amka nao kwenye masifu ya usiku, kula wanachokula, na umwangalie sista mzee kuliko wote anavyohudumiwa. Hata Mt. Benedikto aliandika kwamba anayekuja asifunguliwe kirahisi, abishe hodi siku nne au tano. Mama yako anajua?

Muuguzi wa Mbinga:
Mama anajua nina "mchumba Dodoma".