Unguja na watoto: kulipia milo yote hotelini au kula nje?

Mgogo_Safarini
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama watoto tunapanga kwenda Unguja na wanetu wawili, mkubwa ana miaka 9, mdogo 4, kati ya Januari na Machi. Tutaanzia Mji Mkongwe, kisha Nungwi. Hoteli ya Nungwi inatupa bei mbili: chumba na chai ya asubuhi tu, au chumba na milo yote mitatu. Tofauti yake si ndogo. Mama watoto anataka milo yote asiumize kichwa. Mimi naona nitakuwa nimevuka bahari kwenda kula makaroni. Waliowahi kwenda mtuambie.

Bint Mkunazini
Karibuni kwetu, kaka. Mjini usilipie zaidi ya chai ya asubuhi. Mchana nendeni Lukmaan, Mkunazini, karibu na mbuyu. Menyu ya nini? Unakwenda kaunta, unatazama kilichopikwa, unaonesha kwa kidole: biriani, pilau, pweza wa nazi, samaki wa kupaka. Watoto watapata wali na kuku bila ugomvi. Pombe haiuzwi.

Alasiri ni urojo. Rojo la manjano, chachu kwa embe mbichi na ndimu, ndani mna kachori, bajia, viazi na vipande vya mshikaki, juu chipsi za muhogo na chatini ya nazi. La watoto mwambie asitie pilipili. Pilipili yetu haina utani.

Kinyozi wa Tabata
Forodhani, ile bustani ya pwani Mji Mkongwe inayogeuka soko la vyakula usiku, msiikose, ila nendeni macho yakiwa wazi. Yule kijana mwenye kofia nyeupe atakupangia sahani huku anakuchekesha, ukija kushtuka ina kamba, ngisi, pweza na papa, bei inatajwa mwisho. Uliza bei ya kila mshikaki kabla hajashika sahani. Na mingi ile iliyopangwa mezani imeshaiva zamani, kwenye moto inapashwa tu.

Mimi pale nakula kinachopikwa nikiwa nimesimama mbele yake. Pizza ya Zanzibar: jamaa anavuta donge la unga mpaka linakuwa jembamba kama karatasi, anamwaga nyama ya kusaga, kitunguu na hoho, anapasulia yai, anakunja pembe nne, juu ya chuma. Wanao watalilia ile ya ndizi na chokoleti. Ongeza juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

MamaPacha
Nawasoma nacheka, maana inaonekana wote mnasafiri bila watoto. Mtoto wa miaka 4 aliyeshinda baharini, saa kumi na mbili na nusu kashalala na njaa yake. Utambeba kwenye mchanga, gizani, kutafuta mgahawa, halafu msubiri samaki achomwe? Kule jikoni hakuna haraka.

Sisi tulichukua njia ya kati: chai ya asubuhi na chakula cha usiku hotelini, mchana tukala nje. Kwenye tangazo mara nyingi hawaiandiki bei hiyo, piga simu uulize. Na uliza kama maji ya kunywa yamo. Siku ya kuondoka tulikuta kila chupa imeorodheshwa kwenye bili, na kodi juu yake.

Nahodha Mstaafu
MamaPacha kamaliza. Mchana Nungwi, geuzeni mgongo kwa bahari mwingie kijijini. Huko kuna vihoteli vya wenyeji, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na bei ni ya mwenyeji. Alasiri vyombo vikirudi kuna mnada wa samaki pwani, hata kama hamnunui watoto watafurahi.

Mkishawishika na ule mgahawa juu ya mwamba, The Rock, ujueni uko Pingwe, Michamvi, pwani ya mashariki. Kutoka Nungwi ni kukata kisiwa, nenda rudi siku imeisha. Tena tazama maji: yakipwa mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mnaweza kuingia mkitembea na kutoka mkivushwa. Wekeni nafasi mapema. Kwa maoni yangu unalipia picha zaidi ya samaki, lakini wake zetu ndio waamuzi.

Bint Mkunazini
Kaka, hiyo Januari na Machi yako ina Ramadhani ndani. Mchana hoteli nyingi za kula mjini hufungwa, na kula hadharani barabarani si heshima, utapata taabu. Hoteli za wageni huendelea kupika. Baada ya magharibi ndiyo raha yenyewe, ila kwa watoto saa za mchana ni ndefu. Ukija Ramadhani, basi mama watoto kashinda, lipia milo yote.

Mgogo_Safarini
Asanteni sana. Tutakuja Januari kabla ya mfungo. Mjini chai tu, Nungwi chai na cha usiku, nimeshapiga simu na wamekubali. Pingwe tumeiacha. Swali la mwisho: mama watoto ana mzio wa kamba na ngisi, akila tu anavimba midomo. Forodhani ataponea wapi?

Bint Mkunazini
Hapo asibahatishe. Chuma cha kuchomea kinapita kamba, kinapita kuku, bila kuoshwa. Ale Lukmaan mchana ashibe, na hata huko aulize kijiko cha pweza hakijaingia kwenye mchuzi wake. Forodhani anywe juisi ya miwa awatazame ninyi. Akitaka pizza, atafute meza isiyo na kamba kabisa, na amwambie mpishi kabla unga haujavutwa.