Bomba la baridi chumba cha kufulia: nimeliziba na blanketi

Kutoka: Mama Mapacha, Brooklyn Park

Poleni na baridi jamani. Mwezi jana tumehamia nyumba ya kupanga hapa Minnesota, ina besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi. Chumba cha kufulia nguo kuna bomba nene limevikwa kama godoro la karatasi ya fedha. Linatoka ukutani, linashuka, limeachwa linaning'inia, halijaunganishwa na kitu. Linaingiza baridi ya nje moja kwa moja! Juzi nikalisokomeza blanketi, chumba kikapata joto. Jirani kaona, kashtuka. Kosa langu nini?

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Huna kosa dada. Langu lina mfuko wa plastiki mwaka wa pili huu na tuko wazima. Wenyeji wa huku wanapenda kushtuka.

Kutoka: Fundi wa hita

Mama Mapacha, toa blanketi kabla hujamaliza kusoma. Na wewe wa St. Cloud, shuka besimenti sasa hivi.

Hilo bomba ndiyo pua ya hita yako ya maji. Nyumbani nani asiyejua kwamba jiko la mkaa haliingizwi chumbani ukafunga madirisha? Hita ya gesi ni jiko lilelile, limefichwa tu ndani ya pipa jeupe likapewa dohani, bomba la kutolea moshi. Likikosa hewa, moto hauwaki sawasawa na kaboni monoksaidi inaongezeka. Huioni wala huinusi. Halafu mashine ya kukaushia nguo na feni ya jikoni zinatupa hewa nje muda wote zinapofanya kazi, na nyumba lazima iifidie. Ukiziba bomba, itaivuta kupitia dohani, na moshi utashuka nayo.

Hesabu yake: hita ya galoni 40 mara nyingi ina moto wa BTU 40,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Kama hewa haitoki nje, kanuni ya kawaida Marekani inataka chumba chenye futi za ujazo 50 kwa kila BTU 1,000, yaani 2,000 kwa hita hiyo. Chumba cha futi 8 kwa 10, dari futi 8, kina 640 tu. Tanuru la kupashia nyumba joto likivuta hewa humohumo, ndiyo haitoshi kabisa. (Kama hita yako ina mabomba mawili ya plastiki yanayotoka nje na imefungwa kabisa, hiyo inajitafutia hewa yake. Ya kwako naona siyo.)

Jipime na udi. Funga milango na madirisha, washa feni zote na mashine ya kukaushia, fungulia maji ya moto hita iwake. Baada ya dakika 5 sogeza udi pembeni mwa ile kofia ya bati juu ya hita. Moshi ukivutwa ndani, salama. Ukikurudia usoni, zima hita, mpigie mwenye nyumba.

Kengele ya kaboni monoksaidi mnayo? Sheria ya Minnesota inataka iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ikilia, au mkiumwa kichwa na kichefuchefu nyumba nzima, tokeni kwanza, 911 mtapiga mkiwa nje.

Kutoka: Mama Mapacha

Shikamoo Fundi. Blanketi nililitoa, nikawasha udi, moshi ukanijia puani! Nikazima hita, siku mbili tumeoga maji ya birika. Fundi aliyeletwa kakuta wavu wa bomba kule nje umejaa pamba za nguo na barafu. Kausafisha, leo udi unapanda. Ila baridi imerudi palepale.

Kutoka: Fundi wa hita

Marahaba. Mwambie mwenye nyumba atumbukize mwisho wa bomba ndani ya ndoo, lisiguse chini. Hewa baridi ni nzito, italala humo mpaka hita iivute. Mafundi wengi huku ndivyo wanavyofanya.

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Mfuko nimetoa. Ndoo ya ukubwa gani?

Kutoka: Fundi wa hita

Ile ya rangi, galoni 5.