Ngoma gani za kuanzia kwa watu wasiowahi kucheza?

Mratibu_Malindi
Assalamu aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu cha mtaa kinaanza jioni ya ngoma kila mwezi. Watu ni kama 40, wake kwa waume, na zaidi ya nusu hawajawahi kuingia uwanjani. Tuna saa moja na nusu, wapigaji 3 na uwanja wa saruji. Tuanze na zipi, tuache zipi?

FundiVumi_Langoni
Waaleikum salaam. Msichague kwa uzuri wa ngoma. Hesabuni mambo ambayo mgeni atayafanya kwa wakati mmoja. Miguu peke yake ataiweza. Miguu na mikono, kwa shida. Ukimwongezea wimbo na mtu wa kumkabili, amepotea.

Kwa wanaume anzeni na goma, lile la kusimama: safu moja, bakora mkononi, mwili unayumba polepole, hatua fupi sana. Kati ya mtu na mtu iwepo nafasi ya mkono ulionyooshwa, la sivyo bakora zitagongana. Kosa kubwa ni haraka. Mgeni akisikia zumari huifuata, nayo zumari huzunguka juu ya mdundo, haimshikii mtu mguu. Dakika 10 za mwanzo pigeni vumi na chapuo tu, yaani zile ngoma za kupigwa. Zumari iingie miguu ikishatulia.

Kirumbizi iacheni kwanza, hata vijana wakiiomba. Ni mchezo wa fimbo, na ajuaye kupiga asiyejua kukinga ataumiza mtu. Itafutieni siku yake, wafundishwe wawili wawili, kukinga kwanza.

BintiMkomani
Kwa wanawake, vugo itangulie chakacha. Vugo ni mwendo tu: pembe mkono wa kushoto, kijiti wa kulia, hatua kwa kila pigo, na kiitikio ni kifupi. Pembe za kutosha watu 20 hamtazipata. Wape wanne wa mbele wanaoimbisha, waliobaki wapige makofi.

Chakacha kila mtu ameiona harusini, ndiyo maana wengi huidhania nyepesi. Hesabuni moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mguu ukanyage kwenye "moja" peke yake, kulia kisha kushoto. Anayekanyaga zote tatu atajikuta anakimbia na kiuno kimesimama. Magoti yalegezwe kabla ya yote. Yakikaza, nyonga haziendi na mtu huishia kutikisa mabega. Leso ifungwe kwenye nyonga, si kiunoni, ili mwalimu auone mwendo. Halafu dada zetu wengi hawatacheza chakacha mbele ya wanaume, na wana haki. Watengeeni chumba, au saa yao.

Mratibu_Malindi
Ahsanteni sana. Iko ya kuwaunganisha wote mwishoni? Wenzetu wengi ni Wagiriama.

Kayamba_Ganda
Iko, nayo ni duara la kayamba, ile ala ya matete inayotikiswa. Wapigaji wakae katikati, watu wazunguke upande mmoja kwa hatua za kuburura, mikono huru. Mtu akikosea hamgongi mwenzake, ataikamata kwenye mzunguko unaofuata. Duara moja la watu 40 ni kubwa mno, wa nyuma hawaoni miguu ya kiongozi. Fanyeni mawili, la ndani kwa wanaojua.

Gonda ni ya vijana, mabega hutikiswa kwa kasi. Dakika 3 zinatosha, mgeni hukaza shingo na kesho yake haigeuki. Mwanzele ina uhusiano na matanga, kwa hiyo ulizeni wazee wa hapo kabla ya kuicheza kwa furaha. Kifudu msiiguse kabisa. Ni ngoma ya mazishi na mizimu, ile ile aliyoitumia Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama dhidi ya Waingereza, kuwakusanya watu mwaka 1913.

FundiVumi_Langoni
Nimesahau saruji. Ikipigwa na jua mchana kutwa hushika joto hadi magharibi, na hatua za kuburura bila viatu zitachubua nyayo. Imwagieni maji alasiri, ikauke kabisa kabla watu hawajafika, maana ikiwa bado mbichi inateleza.