Mjadala: Je, mwenye shamba aachiwe kumfuata nguruwe mwitu kichakani peke yake?

Mwana wa Witu (mwanzishaji wa mada)

Assalamu aleikum, na heri kwenu nyote. Naleta mada ambayo kila msimu wa mahindi huzuka barazani kwetu huku bara ya Lamu, kuanzia Witu hadi Hindi, na kila mara huishia kwa kelele. Katika mkutano wa kijiji uliofanyika kwetu juzi, baadhi ya wakulima walitaka serikali iwaruhusu kuwaua nguruwe mwitu wanaoingia mashambani. Mmoja wao akaongeza kwamba mwenye shamba aachiwe kumfuata mnyama huyo hadi ndani ya kichaka, peke yake, kwa miguu, akiwa na mkuki au upinde, kwa kuwa akingoja wenzake nguruwe atakuwa amekwisha kwenda zake. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na nataka kueleza sababu.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia mnyama gani, maana wapo wanaomchanganya na ngiri. Ngiri hutembea mchana, hupenda mahali penye nyasi fupi, na anapokimbia mkia wake husimama wima kama mlingoti. Nguruwe mwitu hutoka usiku, huenda kwa kundi lenye dume na jike wakubwa pamoja na watoto, na mchana hulala ndani ya kichaka kizito ambamo hata mbuzi wako akipotelea unamsamehe. Dume huweza kufika kilo 80 na kuzidi. Macho yake si makali, lakini kwa pua na masikio hakuna mtu anayeweza kushindana naye. Njia zake za kichakani ni vichochoro vya chini ambavyo havimfikii mtu kiunoni, kwa hiyo anayemfuata hulazimika kuinama au kutambaa, na mtu anayetambaa hawezi kuvuta upinde wala kuunyanyua mkuki. Silaha uliyoingia nayo imekuwa fimbo tu, ilhali mwenzako meno yake ya chini hujinoa kwa kusuguana na ya juu, na kimo chake kinayaweka sawasawa na paja lako.

Jirani yetu mmoja alimchoma dume mkuki saa nane za usiku, akafuata matone ya damu kwa tochi ya simu mpaka kwenye mlango wa kichaka, akaingia. Yule nguruwe hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama kimya hatua chache ndani, akingoja. Tulimtoa jirani yetu akiwa na paja lililochanika shibiri nzima, na leo anatembea kwa mkongojo. Waliomwokoa ni wanawe wawili, waliomfuata nyuma ingawa alikuwa amewakataza, na ambao walilibana lile jeraha kwa kanga ya mama yao muda wote hadi pikipiki ilipopatikana. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu huwa na dakika chache tu. Lau wanawe wangemtii, tungemkuta maiti asubuhi.

Jambo la pili ni la hapa kwetu hasa. Tangu mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na operesheni ya usalama iliyoanza katika msitu wa Boni mwaka 2015, mtu mmoja mwenye silaha anayetambaa vichakani usiku si msasi tu machoni pa doria. Nani atamtambua? Na ataulizwa kabla ya kupigwa risasi, au baada?

Sheria tunaijua. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata uwindaji wa kutafuta kitoweo. Hivyo tunachojadili hapa ni ombi la kubadilisha utaratibu, wala simshauri mtu yeyote atoke usiku wa leo. Msimamo wangu ni kwamba tuombe ruhusa ya kuwapunguza nguruwe hawa, lakini ombi letu liseme wazi kuwa hakuna mtu atakayemfuata kichakani akiwa peke yake.

Mkulima, Hongwe

Ndugu yangu, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu anayenunua mihogo sokoni. Mimi nalima ekari tatu. Kundi la nguruwe likiingia usiku mmoja, halili ili lishibe na kuondoka: hufukua mihogo iliyokomaa na isiyokomaa, huangusha mabua ya mahindi, huonja hili na kuliacha lile, na kukipambazuka naokota mabaki kama niliyetembelewa na mafuriko. Unasema niwaite wenzangu. Nyumba ya karibu nami iko mwendo wa robo saa, na mwenye nyumba hiyo usiku huo huo analinda lake.

Sheria hiyo ya 2013 unayoitaja imeweka shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu anayeuawa na wanyama walioorodheshwa humo, na milioni 3 kwa anayebaki na ulemavu wa kudumu. Ama mazao yangu, nimejaza fomu mara mbili katika ofisi ambayo sitaitaja, na mara ya pili nikaambiwa kuwa nguruwe hamo katika orodha ya wanyama wanaolipiwa mazao. Maana yake ni kwamba nikifa nina thamani, na nikiwa hai nikilia njaa sina.

Tena hilo la kwenda wengi unalipamba mno. Watu sita gizani, kila mmoja na mshale wake, wanamzunguka mnyama asiyeonekana: mshale unaokosa unakwenda wapi? Mtu mmoja akienda taratibu hujua kwamba kinachotikisa majani si mwenzake. Wahenga walisema msasi haogopi mwiba. Ikiwa ruhusa mtaninyima, basi nitatega matanzi, na hapo hakuna atakayechanwa paja.

Ustadh wa Langoni

Naongeza neno fupi kwa sababu nimeulizwa. Kumzuia mnyama mwenye kuleta madhara, hata kwa kumuua pale ambapo hakuna njia nyingine, hakuna pingamizi katika dini, na kula nyama yake ni haramu kwetu bila shaka yoyote; mambo haya mawili yasichanganywe, kwani nimesikia vijana wakidai kuwa kwa kuwa haliwi basi hata kumuua ni dhambi. Lakini kujitia katika maangamizi pia tumekatazwa, na sioni mahindi ya aina gani yanayohalalisha mtu kutambaa gizani kumwelekea mnyama aliyejeruhiwa. Anayemgusa mzoga wake ukiwa na majimaji aoshe kama anavyoosha najisi nyingine.

Mzee wa Basuba

Mimi ni wa jamii ya Waaweer, ambao wengi wenu mnatuita Waboni. Nimesoma yote, na naona mnabishana juu ya kitu ambacho hamkufundishwa, ninyi wa upande huu na wa upande ule.

Wazee wetu walisaka kwa upinde na mshale wa sumu katika misitu hii kabla haijaitwa hifadhi. Nguruwe hatukumla kwa sababu sisi ni Waislamu, lakini tabia zake tulizijua kama tulivyozijua za nyati, kwa kuwa tuliishi naye. Mtu alitoka peke yake, tena mara nyingi, na hapo simwungi mkono mwanangu wa Witu. Alitoka na majivu kidogo kiganjani, akiyapeperusha kila baada ya hatua kadhaa ili aone upepo unakwenda wapi, kwa maana nguruwe akikunusa kabla hujamwona, basi umekwisha kushindwa. Alikuwa na uvumilivu wa kukaa mahali pamoja hadi mguu ukafa ganzi. Alipokwisha kurusha mshale, alikaa chini. Hakumfuata. Alingoja sumu ifanye kazi yake na jua lichomoze, kisha akarudi kuwachukua wenzake, na hao ndio waliofuata nyayo pamoja naye.

Kwa hiyo kosa la jirani yenu halikuwa kuwa peke yake. Kosa lilikuwa kumjeruhi mnyama usiku kwa mkuki na kumfuata hapo hapo, kazi ambayo baba yangu asingeifanya hata angekuwa na watu kumi nyuma yake.

Nina swali. Tangu 1977 sisi tumeambiwa kuwa upinde wetu ni ujangili. Mzee akikutwa na podo la mishale huandamwa kama mwizi. Leo wakulima waliopewa ardhi wanaomba ruhusa ya kusaka, na mkutano unawapigia makofi. Ikiwa ruhusa itatoka, kwa nini isianze kwa wanaoijua kazi?

Daktari wa mifugo, Mpeketoni

Kuna upande ambao haujaguswa. Nguruwe mwitu na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua, na maradhi hayo yalielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921. Hayamdhuru binadamu, lakini yakiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa huua karibu wote, na tiba hakuna. Wapo wafugaji wa nguruwe katika eneo hili. Mtu anayeua peke yake usiku huuburuta mzoga hadi nyumbani, au huuacha kando ya njia, au huuza nyama ambayo hakuna aliyeikagua. Kazi ikifanywa kwa utaratibu, mzoga huzikwa kwenye shimo refu siku hiyo hiyo. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kukataa ruhusa ya mtu mmoja mmoja.

Mtoto wa Amu aliye Texas

Nawasalimu kutoka mbali. Najua kuna wanaotuma video za huku wakisema, «Mbona Marekani wanaruhusu?» Nguruwe wa huku si yule wa kwetu. Hawa ni vizazi vya nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania, ambao Hernando de Soto aliwafikisha Florida mwaka 1539, kisha baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya uwindaji. Ni wageni katika ardhi hii, wanazaana kwa kasi ya kutisha, na ndiyo maana Texas imeruhusu kuwapiga risasi kutoka kwenye helikopta tangu 2011, na tangu 2019 anayewawinda katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenyewe hahitaji leseni. Pamoja na hayo yote hawajaisha.

Wapo wanaoingia vichakani kwa miguu, peke yao, kwa ajili ya kujifurahisha tu, na hujisifu kwa jambo hilo. Wakulima ninaowafahamu mimi hawafanyi hivyo. Hukaa juu ya jukwaa pembeni mwa shamba wakamngoja aje mwenyewe, au huweka tundu kubwa la chuma lenye chambo cha mahindi na kulinasa kundi zima kwa mara moja, kwa sababu ukiua mmoja, waliobaki huhama kichaka na kurudi wiki ijayo wakiwa wajanja zaidi.

Mwana wa Witu

Mzee wangu wa Basuba, nimekubali kusahihishwa. Nilikuwa nimeliweka kosa lote katika neno «peke yake», na sasa naona kuwa nusu yake imo katika neno «kumfuata». Hata hivyo sibadilishi ombi langu, kwa sababu moja: baba yako alikuwa na miaka ya mafunzo iliyomfundisha kukaa chini baada ya kurusha, na sisi hatuna. Mkulima aliyeona mahindi yake yamelazwa, mwenye hasira na usingizi, hawezi kusimama kwenye mlango wa kichaka akajiambia kuwa atarudi asubuhi. Jirani yetu pia alisema anachungulia tu.

Ama matanzi, kaka yangu wa Hongwe, hapo ninakupinga kabisa, kwa sababu tanzi halichagui. Litamnasa mbwa wa jirani, ndama, na hata paa nunga, mnyama adimu ambaye msitu wa Boni na Dodori ni miongoni mwa makazi yake machache yaliyobaki duniani. Lakini hesabu yako ya nyumba ya robo saa sina jibu lake zuri, na sitajifanya ninalo. Nilichofikiria ni hiki: tujenge upya madungu pembezoni mwa mashamba, yale ambayo wazazi wetu walikaa juu yake na debe na moto, mashamba yanayopakana yalindwe kwa zamu, na mtu wa zamu awe na simu na filimbi, asiwe na mkuki. Kuua kufanywe mchana, na kundi dogo lililosajiliwa, likiandamana na askari wa wanyamapori na doria ikiwa imearifiwa, na wazee wa Kiaweer wawe wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo kwa malipo. Barua ya namna hiyo tunaweza kuipeleka kwa kamati ya uhifadhi wa wanyamapori ya kaunti yetu, ambamo jamii ina viti vyake.

Mkulima, Hongwe

Dungu nitalijenga, miti ninayo. Kwenye barua andikeni jina langu, lakini pale mnaposema «mchana tu» wekeni alama kwamba mimi sikukubali, kwa sababu mchana nguruwe hayuko shambani kwangu. Amelala ndani ya kile kichaka ambacho mmenikataza kuingia.

Mzee wa Basuba

Mchana ndipo anapolala, naye akiamshwa hutoka kwa njia moja tu. Njia hiyo nitakuonyesha mwenyewe, barua ikijibiwa.