Unga wangu unaondoa rangi hata gizani. Nimwambie nini msimamizi?

Binti wa Igombe

Habari zenu wakuu. Wakubwa, shikamooni. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Nasoma uzamili wa kemia hapa Mwanza. Ni mwalimu wa sekondari, mwajiri alinipa ruhusa ya miaka miwili na imebaki miezi mitano. Utafiti wangu ni wa kusafisha maji, mwishowe ya ziwa, kwa mwanga wa jua: chembe nano (punje ndogo mno) za zinki oksidi zikipigwa na mwanga zinatakiwa zivunje uchafu, na chembe hizo nazitengeneza kwa majani ya magugu maji. Nayachuma ufukweni Igombe, naosha, nakausha kivulini, nasaga, nachemsha, nachuja. Yale maji ya majani nachanganya na zinki nitreti, nakausha tena, kisha nachoma kwenye tanuru nyuzi 300. Napata unga laini, kijivu kinachoelekea kahawia.

Unga huo nautia kwenye maji yenye methilini bluu, rangi ya majaribio inayosimama badala ya uchafu, napandisha bika (chombo cha kioo cha maabara) juu ya paa kuanzia saa 5 hadi saa 7 mchana. Kila dakika 15 nachota kidogo, nazungusha kwenye sentrifuji ili unga utuame, napima rangi iliyobaki majini kwenye spektrofotomita, mashine inayosoma mwanga, kwenye nanomita 664. Rangi inashuka asilimia 92. Msimamizi alifurahi sana, na namba hiyo ameshaiweka kwenye ikisiri (muhtasari wa utafiti) aliyotuma kwenye kongamano. Jina langu ndilo la kwanza.

Wiki iliyopita mvua ilishika siku tatu. Mchanganyiko nilikuwa nimeshauandaa, nikafunika bika kwa foili na kuliweka kabatini. Kesho yake nikaupima ili tu nisiumwage bure. Rangi ilikuwa imeshuka zaidi ya asilimia 70, na jua halikuwa limeugusa. Nikarudia mara mbili, safari hii kwa saa mbili tu, jibu lile lile. Nilipomimina maji na kutazama kwenye kitako cha mrija wa sentrifuji, unga haukuwa kijivu tena. Ulikuwa umekolea bluu, kama ile bluu ya kufulia mashati ya shule.

Seminari ya idara ni baada ya wiki mbili. Msimamizi yuko safarini. Mwenzangu wa maabara ananiambia ninyamaze, eti hakuna atakayeuliza habari za giza. Nifanyeje?

Fundi Maabara

Pole mdogo wangu. Kabla sijasema kitu, nijibu mawili. Ulipokuwa unapandisha bika juani, ulianza kulizungusha gizani kwanza, au ulitoka nalo moja kwa moja? Na je, uliwahi kuweka juani bika lenye rangi peke yake bila unga? Methilini bluu inafifia yenyewe kwenye jua, kidogo lakini inafifia.

Binti wa Igombe

Moja kwa moja, kaka. Na bika la rangi tupu sikuweka. Nilifuata utaratibu niliorithi kwa aliyenitangulia maabara.

Kaka Sengerema

Dada, mimi nakwambia kama mtu niliyepita huko. Nilirudia majaribio hadi ruhusa ikaisha, nikalipa ada ya muhula mwingine kutoka mfukoni na nyumbani wakalala na njaa. Uzamili ni wa kujifunza utafiti, si wa kuokoa ziwa zima. Rangi imetoka majini, hilo ni kweli na hujadanganya mtu. Andika ulichokiona, maliza, rudi kwa wanafunzi wako. Giza utalishughulikia ukienda uzamivu.

Mkemia Mstaafu

Marahaba binti. Nianze na Kaka Sengerema: uchungu wako naupokea, lakini hapa sikubaliani nawe. Kichwa cha utafiti kinasema mwanga ndio unaofanya kazi. Akiandika asilimia 92 chini ya kichwa hicho, atakuwa amesema jambo ambalo bika la kabatini linalikana.

Sasa kemia yenyewe. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukipiga chembe, elektroni inaruka na kuacha tundu. Elektroni inakutana na oksijeni, tundu linakutana na maji, na hapo huzaliwa radikali, yaani chembe kali zenye elektroni isiyo na mwenza, hasa za hidroksili, zinazorarua molekuli ya rangi vipande vipande hadi iishie kuwa kaboni dioksidi, maji na chumvi chache. Wanasayansi wa Japani Fujishima na Honda walipoonyesha mwaka 1972 kwamba elektrodi ya titani dioksidi ikimulikwa inapasua maji, mwanga ndio uliokuwa hoja yote. Zinki oksidi inahitaji mwanga wenye nguvu ya takriban elektroni-volti 3.3, yaani mawimbi mafupi kuliko nanomita 380 hivi. Huo ni urujuanimno, na katika nishati yote ya jua inayotufikia ni kama asilimia 4 au 5 tu. Kabatini mwako haukuwepo kabisa.

Kwa hiyo rangi haikuvunjwa. Ilihama tu kutoka majini ikanata kwenye unga, na wewe mwenyewe umeiona chini ya mrija. Binti, hilo la kutazama chini ya mrija wengi hawalifanyi, wanatazama namba kwenye mashine basi.

Kwa nini imenata kiasi hicho? Zinki oksidi safi ikiwa kwenye maji ya pH (kipimo cha uasidi) iliyo chini ya 9 hivi, uso wake una chaji chanya. Methilini bluu nayo ni chanya. Zinafukuzana. Zinki oksidi safi isingeikumbatia rangi yako hivyo. Kinachoikumbatia, kwa maoni yangu, ni mabaki ya majani, kaboni ambayo nyuzi 300 hazikuimaliza. Rangi ya unga ilikuwa inakuambia tangu mwanzo, kwa sababu zinki oksidi safi ni nyeupe. Ukiipasha moto hugeuka manjano, ikipoa inarudi nyeupe. Kijivu na kahawia si vyake.

Fanya hivi. Chukua ule unga wa bluu, uoshe kwa ethanoli. Rangi ikitoka, pima, ujue ni kiasi gani kilikuwa kimejificha tu. Gawa unga uliobaki, nusu uchome upya nyuzi 500 kwa saa 3, nusu uuache kama ulivyo. Kila jaribio lianze gizani, ukizungusha, mpaka usomaji utulie, mara nyingi dakika 30 hadi 60. Hapo ndipo utoke juani, na hesabu yako ianzie kwenye usomaji huo wa mwisho wa gizani. Lile bika la rangi bila unga likae pembeni, jua lile lile, saa ile ile. Ukipata nafasi, jaribu pia fenoli, kemikali isiyo na rangi. Methilini bluu yenyewe hunyonya mwanga na huweza kuanza kuharibika kwa njia hiyo, hivyo peke yake si shahidi wa kutegemea.

Mama Nyegezi

Mwanangu, wenzangu wamemaliza ya maabara, mimi nasema ya ofisini. Nimesimamia wanafunzi miaka mingi. Kinachomuumiza msimamizi ni kusikia jambo mbele ya watu kabla hujamwambia. Usingoje arudi. Mwandikie leo, barua pepe fupi: nimefanya jaribio la gizani, nimepata hiki, picha ya mrija nimeambatanisha, naomba kuchoma upya nyuzi 500 kabla ya seminari. Usijitetee wala usimtaje aliyekutangulia. Ikisiri hurekebishwa, na kama haiwezekani, mezani kwenye kongamano mtasema namba mpya na sababu yake. Utaratibu wa giza yeye pia hakukukumbusha, kwa hiyo mzigo huu si wako peke yako.

Kaka Sengerema

Nimesoma, Mzee. Narudisha neno langu la kunyamaza. La muda bado nalisimamia: dada, jiwekee tarehe ya mwisho ya kurudia, vinginevyo miezi mitano itakuishia kwenye bika.

Mtu wa Maji Kirumba

Naongeza la ziwa, maana naona kwenye maelezo huko ndiko unakoelekea. Ukija kujaribu maji ya ziwa lenyewe, usishtuke kasi ikianguka. Bikaboneti na uozo wa mimea ulioyeyuka majini hukamata zile radikali kabla hazijafika kwa unachotaka kukivunja. Pima kwa maji yaliyokenekwa (maji safi yanayotokana na mvuke uliopozwa), kisha kwa maji ya ziwa, uandike yote mawili.

Kazi hii tunaihitaji huku. Maji yanapogeuka kijani pembeni mwa ziwa, baadhi ya mwani huo wa bluu-kijani hutoa sumu ya maikrosistini, na kuchemsha hakuiondoi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji yanayonywewa kila siku maisha yote ni maikrogramu 1 tu kwa lita. Lakini tafadhali, maji ya majaribio usiyamwage kwenye sinki wala mtaroni. Zinki inayoyeyuka kutoka kwenye unga huo ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini na kwa samaki. Kusanya kwenye dumu, andika jina juu yake.

Binti wa Igombe

Asanteni sana, kwa kweli sijui niseme nini. Barua pepe nilituma juzi usiku, mikono inatetemeka. Amejibu asubuhi: kwanza aliuliza kwa nini hatukufanya hivi mapema, kisha akasema niendelee, na ikisiri ataandika kuomba kuirekebisha.

Jana nimeosha unga wa bluu kwa ethanoli. Ethanoli ya kwanza ilitoka bluu nzito, ya pili bluu, ya tatu bluu hafifu kama mbingu. Sehemu kubwa ya ile rangi ilikuwepo muda wote. Kaka Sengerema, nimejipa wiki sita. Kesho tanuru ni zamu yangu. Fundi, kuna la kuangalia?

Fundi Maabara

Yapo. Usijaze kikombe cha kauri, tandaza unga tabaka jembamba, na kifuniko usikibane, hewa lazima iingie ili kaboni iungue. Pandisha joto nyuzi 5 kwa dakika, usikurupushe. Ukizima, usifungue mlango wa tanuru mpaka lipoe lenyewe. Na weka kando kijiko kimoja cha unga wa zamani usiochomwa upya, utauhitaji siku ya seminari kuwaonyesha rangi mbili zikiwa pamoja.