Kotonii ndani ya tangi la kioo: ncha zinageuka nyeupe na kukatika

Mbweni_Baharini
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina tangi la kioo la lita 120, maji ya bahari, na vishada vitatu vya mwani wa kotonii kutoka Jambiani, Unguja, ile ya wekundu wa kahawia. Wiki ya kwanza mwani ulikaa vizuri. Wiki ya pili ncha zimekuwa nyeupe na laini, ukizigusa zinakatika, na matawi mengine yamepauka yakawa manjano. Vipimo vya leo: joto nyuzi 32 mchana, chumvi 39 kwa elfu, nitrati sifuri, fosfati 0.1. Taa ya LED wati 50, inawaka saa 14. Pampu ya lita 400 kwa saa. Maji hupungua kama lita moja kwa siku, najazia ya bahari. Huu ni ugonjwa au taa imezidi?

Fundi_Matangi
Wa alaykum salaam. Taa iache kwanza, tazama chumvi. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi yote inabaki tangini. Lita moja ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ukijazia hivyo siku 14 umeongeza gramu 490 juu ya zile 4,200 zilizokuwamo. Gawa kwa 120, unapata 39. Kipimo chako kiko sawasawa, kinachokosewa ni ndoo.

Toa lita 4 za tangi leo, rudisha lita 4 za maji matamu, ukiyamimina taratibu mbele ya pampu. Kesho vivyo hivyo, kesho kutwa tena, utakuwa umeshuka hadi 35. Usizibadilishe zote 12 kwa mkupuo, mwani haupendi chumvi ya kushuka ghafla. Kisha piga alama ya kalamu kwenye kioo, na kila asubuhi jazia mpaka hapo kwa maji matamu tu. Ya bahari ni ya kubadilishia maji, siyo ya kujazia.

Maji ya mfereji yalale ndani ya ndoo wazi yenye pampu ya hewa usiku kucha, klorini itoke. Ya kisima yapime kwanza, visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Mvua nzuri, ila si ya paa la bati jipya, ina zinki.

BintiPaje
Naongezea, maana hata chumvi ikikaa sawa hiyo kotonii bado ina njaa. Nitrati sifuri na rangi ya manjano vinakwenda pamoja: mwani mwekundu ukikosa naitrojeni unakula akiba yake, na akiba hiyo ndiyo wekundu wenyewe. Ncha nyeupe laini ni ugonjwa wa mwani uitwao aisi-aisi. Inaanza mwani unapodhoofishwa na joto, chumvi au njaa, halafu bakteria wanamalizia. Dawa haina. Kata kwa kisu kikali sentimita 2 au 3 ndani ya sehemu nzima, kipande kilichooza kitoke tangini siku hiyo hiyo.

Chakula: tafuta potasiamu nitrati, ile mbolea ya umwagiliaji wa matone, isiyochanganywa na kitu. Yeyusha gramu 10 kwenye nusu lita ya maji. Mililita 50 za hapo ni gramu 1, na kwa lita 120 inapandisha nitrati kwa miligramu 5 hivi kwa lita. Tia hiyo, pima baada ya siku mbili, shikilia 5. Fosfati yako inatosha. Mbolea za urea na DAP usiguse kabisa, amonia yake itaua samaki.

Na pampu ni ndogo mno. Maji yakitulia, tawi linamaliza chakula kilicho karibu nalo na kingine hakifiki. Weka ya lita 1,200 hadi 1,800 kwa saa. Funga kishada kwa taitai (kamba nyembamba ya plastiki) kwenye jiwe, kitanzi kilegee, matawi yawe yanayumba muda wote. Ukilikaza, tawi linaoza pale pale kwenye fundo.

Mtambwe01
Yote sahihi, ila mimi ningemshauri aachane na kotonii. Nyuzi 32 ndani ya kioo ni nyingi kwake. Ndiyo maana wakulima wengi wa Paje na Jambiani wamebaki na spinosamu, mwani wa aina nyingine, ingawa bei yake ni ya chini: kotonii inakufa maji ya kina kifupi yakichemka kipindi cha kaskazi. Chukua spinosamu, au Gracilaria ya Ghuba ya Chwaka, inastahimili zaidi.

Ukiing'ang'ania, ondoa kifuniko na uelekeze feni ndogo juu ya maji (pangaboi la darini halitoshi). Utashusha nyuzi 2 au 3, msimu wa mvua pungufu ya hapo kwa sababu ya unyevu. Maji yatapaa zaidi, kwa hiyo ile alama ya kioo iangalie asubuhi na jioni. Taa punguza iwe saa 10. Saa zinazozidi unalisha ule mwani mwembamba wa kijani kama nywele tu. Pampu ya hewa iwake usiku, mwani nao unavuta oksijeni gizani. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie humo hata tone. Vipande vilivyokatwa vianike juani, usivirudishe pwani.

Mbweni_Baharini
Ahsanteni sana. Lita 4 za kwanza zimeshatoka. Kuna samaki humo, tasi wawili wa saizi ya kidole, wabaki?

BintiPaje
Watoe. Tasi ndiye adui wa shamba la mwani, na hao wawili watamaliza vishada vitatu kabla havijachipua. Samaki kangaja vile vile. Tazama zile ncha tena: iliyoliwa imekatika au ngozi imemenywa, lakini nyama ni ngumu. Yenye aisi-aisi ni nyeupe, laini, inateleza. Kama zipo za aina zote mbili, kisu peke yake hakitoshi.